Mkono Mtupu Haulambwi
Mwaka 1967 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha mapitio, yaani makala inayopima tafiti za wengine, ambamo wataalamu wa Harvard waliyabebesha mafuta na kolesteroli lawama za maradhi ya moyo na kuitetea sukari, bila kutaja kwamba taasisi ya wenye viwanda vya sukari iliwalipa dola 6,500, ikawapelekea baadhi ya makala za kupimwa na kusoma rasimu kabla ya wasomaji. Siri hiyo ilifichuliwa mwaka 2016, wahusika wakiwa wamekwisha kufariki. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ufadhili, yaani fedha za kugharimia utafiti, hauyanunui matokeo kamwe, bali huyakoleza tu kwa kadiri ya ulimi wa mfadhili.