Utukufu wa Blauzi ya Televisheni

Miongoni mwa mavazi yote ambayo binadamu amejisitiri nayo, ni machache yaliyoonewa kama blauzi ya poliesta inayonadiwa kwenye chaneli za mauzo za Marekani, yaani vituo vya televisheni ambavyo kazi yao ni kuonyesha bidhaa usiku na mchana na kupokea oda za watazamaji. Wakosoaji husema kwamba ni ghali kwa ubora wake na duni kwa bei yake, kauli mbili ambazo zikichunguzwa ni lawama moja iliyogeuzwa nje ndani.

Nasaba ya blauzi hii si ya kubezwa. Mwaka 1977 kituo kimoja cha redio huko Florida, kilipokosa kulipwa fedha taslimu na mteja wake wa matangazo, kilipokea badala yake vifungua-kopo 112 vya umeme, ambavyo mtangazaji Bob Circosta alivinadi hewani kwa dola 9.95 kila kimoja mpaka vikaisha. Kutokana na deni hilo ndipo ilipochipuka Home Shopping Network, iliyoanza kuonekana nchi nzima mwaka 1985, na mwaka uliofuata Joseph Segel akaanzisha mshindani wake, QVC, huko Pennsylvania. Mwaka 1992 mbunifu Diane von Furstenberg aliuza kupitia QVC mavazi ya hariri yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa muda wa saa mbili hivi. Hariri, hata hivyo, ina maringo mengi, kwani huchuja, hujikunja, na haitaki kuonana na jua, kwa hiyo haishangazi kwamba kiti chake kilikaliwa na poliesta, uzi utokanao na kemikali za mafuta ya petroli, uliobuniwa Uingereza na wanakemia Whinfield na Dickson mwaka 1941.

Fadhila za uzi huo ni nyingi. Haudai pasi, hukauka kabla mfuaji hajamaliza kuanika, na kwa kuwa haunyonyi jasho, humwachia mvaaji kila tone alilolitoa, uaminifu ambao pamba haijawahi kuufikia. Katika hewa kavu ya majira ya baridi hushika umeme na kumng'ang'ania mwenyewe mgongoni kama mtoto asiyetaka kuachwa. Upindo wa blauzi za daraja hili mara nyingi hushonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao uzi wake mmoja hujifunga kwa vitanzi, kiasi kwamba ncha ikishapatikana na kuvutwa, upindo mzima hufumuka kwa mkupuo mmoja, bila kumchosha mtu kwa wembe wala sindano. Na hapa kejeli inapaswa kukaa kando kidogo: QVC imezoea kuuza saizi zote za vazi kwa bei moja, kuanzia ile ndogo kabisa hadi 5X, adabu ambayo maduka mengi yenye vioo vya kupendeza hayajajifunza.

Lakini ni katika bei ambapo sanaa hii hufikia kilele. Bei huzaliwa ikiwa na mzee wake pembeni, yaani bei ya awali iliyokatwa kwa mstari, ambayo pengine hakuna aliyewahi kuilipa lakini ambayo humfanya mnunuzi ajione ameokoa fedha kwa kuzitumia. Kisha huja malipo ya awamu, utaratibu wa kugawa deni katika mafungu ya kila mwezi, ambao kwao blauzi ya dola 60 husomwa kuwa ya dola 15, huku saa ikihesabu dakika kwa kurudi nyuma na namba ya nguo zilizobaki ikipungua, ili mtu asipate nafasi ya kuzidisha 15 kwa 4. Gharama ya usafirishaji, kwa unyenyekevu wake, hujitokeza mwishoni kabisa.

Wala mnunuzi halipii nguo peke yake. Hulipia pia maongezi ya studioni, ambayo thamani yake hakuna fundi cherehani awezaye kuikadiria: mwaka 2014 mtangazaji wa QVC na mbunifu Isaac Mizrahi, wakiwa katikati ya kuuza vazi, walizama katika mjadala mzito wa iwapo mwezi ni sayari au nyota, na vazi likaendelea kuuzwa bila kusubiri hitimisho. Kwa mtu anayeishi peke yake na kupitisha usiku bila usingizi, huo ni ugeni, na mgeni aliyefika usiku haulizwi amevaa nini.

Kwa kuwa poliesta haiozi, safari haikomi kabatini. Nguo zilizochokwa na kutolewa sadaka nchini Marekani hufungwa katika marobota, na sehemu yake hufika soko la Gikomba jijini Nairobi au la Karume jijini Dar es Salaam zikiwa mitumba. Huko blauzi hunadiwa upya, bila saa wala awamu, mbele ya mama anayeigeuza nje ndani, akauvuta mshono kwa vidole viwili, akainusa kwapa, akataja nusu ya bei aliyoambiwa.