Guigoz za kilima

Jumatatu. Dada yangu wa Liège ametuma kwa simu vipimo vya gato ya ubatizo: unga wa ngano gramu 375, sukari gramu 250, maziwa mililita 200. Jikoni kwetu kuna bati la guigoz, kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, na mama mkwe.

Jumanne. Soko la Mulongwe. Muuza unga alilikumbatia bati kwa mkono wa kushoto, akamimina mpaka kilima kikapanda kuegemea kiwiko, juu yake akatupia konzi ya matabishi. Alipoondoa mkono, kilima kikaporomoka na matabishi yakarudi kwenye beseni yalikotoka. “Mama, nimekuongezea,” akasema. Kweli aliongeza. Niliona kwa macho yangu.

Jumatano. Muuza sukari ana mizani ambayo mshale wake hupumzika kwenye gramu 50 hata pasipo na kitu. Kanipimia hivyo hivyo, tukatoa 50 kwa kichwa. Bati lile lile, lililopanguswa: unga gramu 530, sukari 800. Nimeandika kwa chaki mlangoni. Mama mkwe kasoma mara mbili. “Bati moja, uzito mbalimbali. Hapo kuna mtu anaiba.”

Alhamisi. Shangazi wa Sange katuma unga wa muhogo kwa motari, kilo 25, mfuko umejaa hadi shingoni. Ulipofika Uvira ulikuwa umeshuka karibu shibiri nzima. Mama mkwe alikaa juu ya piki ya watu, akasema haondoki mpaka unga urudi. Motari akaapa kwa Mungu, kisha kwa mama yake, kisha kwa barabara yenyewe, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa na ushahidi nayo: mashimo ya uwanda wa Ruzizi hutikisa mfuko mpaka kila punje ikae chini. Tukaenda kwenye mizani. Kilo 25.

“Basi ameweka mawe,” akasema mama mkwe.

Tukamwaga unga wote mkekani, tukachekecha. Hakuna jiwe. Tulipoanza kuurudisha, mfuko ukajaa, ukafungwa, na beseni zima likabaki nje. Motari aliliangalia lile beseni kwa muda.

“Na huu uliozidi, mama, nao niliuiba?”

Amepewa chai. Hajarudishiwa muda wake.

Ijumaa. Jirani wa Kalundu kauza bidoni la mawese la lita 20 kwa mtu anayelipa kwa kilo. Limetoka kilo 18 na kitu, amekasirika mpaka jioni. Mwalimu wa mtaani akamweleza kwamba Wafaransa mwaka 1795 waliitoa gramu kwenye maji, si kwenye mawese. Jirani kauliza Wafaransa hao wanapatikana wapi. Aliyewahi kupika sombe ameyaona mawese yakielea, hakuhitaji Mfaransa.

Jumamosi. Nimefunga fimbo kwa kamba kwenye fremu ya mlango. Upande mmoja chupa ya nusu lita yenye maji robo tatu, yaani gramu 375. Upande wa pili chupa tupu ya aina ile ile pamoja na unga ndani ya mfuko wa plastiki. Fimbo ilikaribia kulala sawa. Nikageuka kuchukua kijiko. Nikarudi nikakuta unga umezidi sana. Nikapunguza. Bado umezidi. Nikapunguza tena. Kumbe mtoto wa kaka, yule mkubwa, alikuwa na kiu.

Jumapili. Gato imeiva ndani ya sufuria, imeinama kidogo upande wa ziwa. Baba paroko kala vipande viwili. Dada kapiga simu kutoka Liège, akauliza niliioka kwa digrii ngapi. Nikamwambia: makaa guigoz moja chini, mbili juu ya kifuniko.

Akanyamaza kidogo.

“Za kilima ama za kupangusa?”