Sabini kwa Sitini na Nane

Tenisi ya nyasini husifiwa kwa kasi. Mpira unateleza, haudundi juu, na mwenye servisi nzito humaliza pointi kabla mtazamaji hajatafuna stroberi yake ya pili. Tatizo huja wanapokutana wawili wenye servisi nzito.

Wimbledon, Juni 2010, raundi ya kwanza, Uwanja Namba 18: Mmarekani John Isner na Mfaransa Nicolas Mahut walianza Jumanne, wakamaliza Alhamisi. Saa 11 na dakika 5. Seti ya tano peke yake iliisha 70-68. Ubao wa matokeo, ambao hakuna aliyewahi kuufundisha kuhesabu kiasi hicho, uligoma kwenye 47-47. Mwamuzi Mohamed Lahyani hakuwa na ruhusa ya kugoma. Alibaki juu ya kiti chake kirefu akitaja namba.

Isner akashinda, kama neno hilo linafaa. Kesho yake Thiemo de Bakker alimtoa 6-0, 6-3, 6-2 kwa muda usiofika saa moja na nusu. Mshindi na mshindwa wote wakapewa zawadi, na ukutani pakabandikwa kibao cha kumbukumbu.

Kanuni ya kucheza seti ya tano bila taibreki je? Hiyo haikuguswa. Ilibidi Isner huyohuyo arudi mwaka 2018 na kufungwa na Kevin Anderson 26-24 katika seti ya tano ya nusu fainali, ndipo wakubwa wakaamua kuwa kuanzia 2019, wachezaji wakifika 12-12 (kiwango kilichotumika hadi 2021), ipigwe taibreki. Hawakukurupuka.