Silabi Mbili za Mwisho

Fundi wangu husema "bathitabu". Lile beseni refu la mtu mzima kujilaza akaoga, ambalo Kiswahili cha vitabuni hulipa jina la hodhi, na ambalo mimi nililiona kwa mara ya kwanza kwenye hoteli moja Dodoma nilipokwenda semina, yeye analiita bathitabu. Mwalimu mzima wa fizikia, miaka 31 ya kula chaki, sikuzisikia silabi mbili za mwisho.

Nyumba yetu ya Ilembula ilikuwa imekwisha plasta, limebaki bafu. Mama watoto alitaka bomba la mvua, yaani shawa. Mimi nilitaka kulala ndani ya maji ya moto mwezi wa saba. Mtu wa pwani hawezi kunielewa. Ni kweli Ilembula tuko chini kidogo kuliko Njombe mjini, ambako Juni na Julai watu hushinda na makoti mazito, lakini ule upepo wa Makambako hauna mipaka ya wilaya. Alfajiri ya Julai ukitia mkono kwenye ndoo iliyolala nje, unautoa haraka kuhesabu vidole.

Karatasi haikuwapo, kwa hiyo fundi akaandika makisio ukutani kwa mkaa. Kushoto, SHAWA: hita 95,000, waya na breka 70,000, mabomba na koki 60,000, ufundi 85,000. Jumla 310,000. Kulia, BATHITABU: 680,000 na kazi yake. Chini ya hiyo 680,000 akaongeza maneno mawili, "na mengineyo".

"Mengineyo ndiyo nini?"

"Vitu vidogo vidogo, mwalimu."

Nikaenda Makambako. Pale njia ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya unapata kila kitu cha ujenzi, na bathitabu lilikuwapo, jeupe kama yai. Muuzaji akalifunga nailoni. Kwa kuwa kamba ingelikwaruza, nikatandaza shuka jeupe juu yake, tukalilaza kwenye pikapu. Lilichomoza nyuma, ndipo dereva akawasha indiketa zote mbili na kwenda mwendo wa taratibu. Mimi nikakaa nyuma, nimelishika lisirukeruke, vumbi usoni, macho yanatoka machozi kwa upepo.

Mnaona kinachokuja. Mimi sikukiona.

Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula inajulikana mbali, na gari linalopita polepole na mzigo mrefu uliofunikwa shuka si kitu kigeni machoni pa watu wetu. Bodaboda wa kwanza aliegesha pembeni. Nikamsifu moyoni, kijana mwenye nidhamu ya barabara. Karibu na soko mzee mmoja akavua kofia. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Tulipofika nyumbani, habari zilikuwa zimetangulia. Akina mama saba wamekwishaingia uani, wawili na mizigo ya kuni vichwani, mmoja na unga kwenye sado. Wanaume wanne walikuwa wanapanga magogo ya kukalia. "Kamwene," wakaanza kwa sauti ile ya chini, "poleni sana." Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama mimi, akatazama shuka. Lilikuwa shuka lake.

Mzee jirani akanisogelea, akanishika bega. "Nani, mwalimu?"

"Bathitabu."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huyo wa kwa nani?"

Watu 11 hawawezi kuja kukupa pole wakaondoka midomo mikavu. Walikunywa chai, wakalizunguka bathitabu, wakauliza kama ni la kunyweshea ng'ombe, na yule wa unga akaondoka na unga wake. Jioni nikakuta mwandiko wa mama watoto ukutani chini ya mengineyo: pikapu 60,000, chai ya msiba 14,000.

Mlangoni lilipita kwa ubavu. Tatizo likawa kona. Korido yetu ina upana wa sentimita 90, bathitabu lina urefu wa sentimita 170, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano angeniambia. Fundi akajikuna. "Hili mwalimu huwa linawekwa kabla ya kupandisha ukuta." Akalisema hilo mchana kweupe, ukuta umekwisha pandishwa na yeye mwenyewe. Tukabomoa kwa nje, tofali za kuchoma zikatolewa moja moja, nyumba ikalala siku mbili imezibwa kwa turubai. Siku ya pili kuku wa jirani akaingia, akataga humo ndani. Ukuta kurudishiwa: 145,000. Jumla yangu ikawa 899,000, na yai moja ambalo jirani alikuja kulidai.

Sasa kuoga. Kujilaza maji yafike shingoni nilihitaji ndoo nane za lita 20, lita 160. Kupasha lita 150 tu, kutoka nyuzi 15 hadi 40, kunakula zaidi ya uniti 4 za umeme, kwa hiyo nikaazima kwa wanakwaya sufuria la lita 40 na kuwasha kuni. Nilichosahau ni kwamba sufuria la kwanza likimiminwa, linaanza kupoa wakati la pili linatafuta moto, na beseni lenyewe limekaa juu ya zege ambalo ni baridi kama kaburi. Hadi la nne linaingia, nilikuwa na lita 160 za uvuguvugu. Nikajilaza hivyo hivyo. Magoti yakabaki nje. Nikizamisha magoti, kifua kinabaki nje. Nikawa nazamisha kwa zamu.

"Ukimaliza usiyamwage," mama watoto akasema mlangoni. "Hizo ndoo nane ni maji ya juzi, na mgao ni kesho kutwa." Maji yale yalifua magwanda yangu ya shamba, kisha yakaenda kwenye mchicha.

Yeye akachukua fedha zake za kikoba akafunga shawa. Nisiseme lilikwenda bila visa, maana simtanki lilikuwa juu kwa mita 3 na kichwa cha shawa mita 2, na kila mita 10 za kimo ndizo zinatoa presha ya baa moja. Kwa ile mita moja tuliyokuwa nayo, hita haikuwaka hata kidogo, ikadondosha tu kama pua yenye mafua. Kuinua mnara: 120,000. Hapo walau fizikia yangu ikafaa mara moja. Fundi alitaka kutumia waya wa milimita 1.5 uliobaki kwenye taa. Hita ya wati 5,500 inavuta ampea 24, waya huo ungetuchomea nyumba. Nikasimama mlangoni hadi akaleta wa milimita 4, na wa ethi pia. Shawa lisilo na ethi usiliogee.

Hita hiyo ina tabia yake. Ukifungulia lita 8 kwa dakika, inapandisha joto kwa nyuzi kama 10 tu, na kwa maji ya Julai hiyo bado ni baridi. Ubane koki hadi lita 3 hivi, hapo unaungua vizuri. Ukibana zaidi, inazima, na sabuni iko machoni. Mama watoto ameweka alama ya rangi ya kucha kwenye koki. Jumla yake ilisimama kwenye 430,000, chini ya nusu ya yangu, anaoga kwa dakika tano, ndoo moja haimaliziki.

Siku umeme ukikatika, sote tunarudi kwenye ndoo na kopo, tukichota kutoka kwenye bathitabu, ambalo ndilo tangi letu la siku za mgao.

Linauzwa. Ukipita Ilembula na pikapu, karibu, bei tutaelewana, na kwa fedha hiyo mama watoto ataongeza simtanki la pili. Ukuta utauvunja kwa gharama zako, na shuka ulete la rangi.