Koki Yako, Mkono Wake

Mwaka 2014 Urusi iliimega Crimea kutoka Ukraine. Ujerumani ikakemea, ikanuna, ikaweka vikwazo. Mwaka uliofuata kampuni yake ya BASF ikaikabidhi Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ghala la gesi la Rehden, kubwa kuliko yote nchini humo, na serikali haikuona tatizo. Biashara ni biashara, bwana! Fisi kapewa bucha, tena kwa risiti. Kufika baridi ya 2021, ghala likawa karibu tupu; Februari 2022 mizinga ikalia Ukraine. Ndipo Berlin ikakurupuka kuitwaa kampuni tanzu ya Gazprom iliyomiliki ghala hilo na hatimaye kuitaifisha, kwa fedha za walipakodi. Waheshimiwa mnaosaini mikataba ya mabomba na umeme, kabla ya kupiga picha, ulizeni koki itashikwa na nani.