Dubu Mwenye Pampu

Mama mkwe amenitumia ujumbe wa sauti asubuhi hii kutoka Tanga. Ameanza na pole, akapitia habari za mvua, kisha akafika alikokuwa anakwenda: "Mwanangu, kama chakula hakikuwatosha huko ziwani, si ungemwambia shemeji yako? Kuliko kudokoa jamu usiku, tena na chupi." Picha anayo. Ukoo mzima unayo.

Naomba nieleze hapa, maana kwenye kundi la familia wanajibu kwa vikaragosi tu.

Tulikuwa Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, mpakani na Kanada. Ni maziwa zaidi ya 1,000 katikati ya msitu. Unapiga kasia, ziwa likiisha unajitwika mtumbwi mabegani hadi ziwa linalofuata. Njia hizo hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha mita 5 hivi, yaani karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Makopo na chupa za vyakula ni marufuku. Chupa yangu ya insulini inaruhusiwa kwa kuwa ni dawa ya kisukari. Huruma ya kanuni inaishia hapo. Usiku, kila chenye harufu ya chakula hukaa mbali na hema kwa ajili ya dubu. Vidonge vyangu vya glukosi, vya kupandisha sukari inaposhuka ghafla, vina ladha ya chungwa. Shemeji akavitundika mtini. Akatundika na kipima sukari, kwa sababu anapenda "mambo ya sukari yakae pamoja".

Sasa hii pampu yangu ya insulini. Inaenea kiganjani, na mrija wake mwembamba unaishia chini ya ngozi ya tumbo. Ndani ina insulini ya haraka peke yake, kwa hiyo inadondosha kidogo kidogo usiku na mchana, na ukila unaiamuru iongeze. Yangu inaweza kutoa uniti 0.05. Mililita moja ina uniti 100. Piga hesabu, utapata nusu ya maikrolita, kitone kidogo sana, na vikirundikana nalala sakafuni. Kongosho la shemeji hufanya kazi hiyo bila betri, na hajawahi kulishukuru. Mrija uking'oka, mimi sina akiba: baada ya saa chache asidi za hatari ziitwazo ketoni zinaanza kujaa damuni.

Ukiongeza kasia, hesabu inavurugika. Msuli unaofanya kazi hujifungulia wenyewe mlango wa sukari bila kusubiri insulini, na ukipumzika unaendelea kujaza ghala lake kwa saa nyingi. Ndiyo maana kazi ya saa nane mchana inaweza kukuangusha saa nane usiku.

Mlinzi wa yote haya ni kihisi kilichobandikwa nyuma ya mkono. Hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, ambako habari za sukari hufika zimechelewa dakika kadhaa. Ukikilalia, unayakamua majimaji hayo, sukari haifiki vizuri, nacho kinatangaza kwa dhati kabisa kwamba unakaribia kufa. Waungwana waliobuni kifaa cha kumlinda mtu usingizini hawakuzingatia kwamba watu hulala ubavu.

Saa nane usiku kikasoma 54 kwa vipimo vya Marekani, ambayo kwa vipimo vya nyumbani Tanzania ni 3. King'ora cha kiwango hicho hakizimiki, ndivyo kilivyotengenezwa. Nikatoka kama nilivyolala. Mikono ilitetemeka, ambayo ni dalili ya sukari kushuka, na pia ni dalili ya kusimama nje na chupi Minnesota. Fundo la shemeji halikufunguka. Nikaning'inia kwenye kamba, tawi likakubali, begi likashuka pamoja na masufuria yote. Waliokuwa mahemani wakafanya walichofundishwa: wakagonga vikombe vya bati na kufoka, "Toka! Potea!" Mimi wakati huo nilishaifikia jamu, na kijiko sikukitafuta. Tochi zote zikanigeukia.

"Shemeji, ni wewe?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo simu ikamulika.

Kipima sukari nilikipata chini ya sufuria. Nikanawa, nikajichoma kidole: 148. Sikuwa nimeshuka hata kidogo. Nilikuwa nimelalia mkono. Alfajiri jamu ilinifikisha 340, na tulipofika mji wa Ely mtandao ukarudi, picha ikawahi Tanga kabla mimi sijawahi bafu.

Mengine ni madogo. Mkanda wa begi uling'oa mrija wa pampu. Plasta ya kihisi iliachia majini. Dawa ya mbu yenye DEET, ambayo hula plastiki, ilipasua ganda la pampu.

Hilo la ganda ndilo lililonifikisha kwa watu wa bima. Wamejibu kwamba kupiga kasia ni starehe, na starehe hawaigharamii. Nimeishiwa kicheko. Mwaka 1923 wagunduzi wa insulini walikabidhi hataza yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili isigeuzwe mtaji wa mtu. Karne haijatimia, chupa ya mililita 10 ikawa inauzwa Marekani zaidi ya dola 200. Hapa hapa Minnesota, Alec Smith alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 26, akibana dozi kwa sababu ya bei. Sheria ya mwaka 2020 ya kuwapatia watu insulini ya dharura ina jina lake. Yeye hakuwa kwenye starehe.

Nimekata rufaa. Fomu inauliza: "Unatarajia kupona lini?" Kisukari changu ni aina ya kwanza, hakina kupona, kwa hiyo niliacha wazi. Ikarudishwa: haijakamilika. Nimeijaza tena. Nitapona Jumanne.