Mjomba Hatoi Shilingi

Marie Kondo, yule mama wa Kijapani aliyetajirika kwa kufundisha watu kupunguza vitu nyumbani, akija Likoni kwa mjomba wangu atarudi na feri ileile. Hana cha kupunguza. Chumbani mna kitanda, mkeka, redio na sufuria. Sufuria hiyo ndiyo ya ugali, ndiyo ya mchuzi wa papa, na asubuhi ndiyo ya chai. Nimeinywa chai hiyo. Tangawizi inajitahidi, iliki inajitahidi, lakini papa ndiye mwenye nyumba.

Simcheki bure. Jirani zake hununua mafuta ya kupima na sukari robo, na ukipiga hesabu mwisho wa mwezi, asiye nacho ndiye anayenunua ghali. Mjomba hujibana mpaka apate za dumu zima. Hapo namvulia kofia.

Ila mifuko ya plastiki ilimshinda kutupa. Aliikunja akaitia chini ya godoro, miaka nenda miaka rudi, hadi kitanda kikaota kilima. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko hiyo ikaanza, faini hadi shilingi milioni 4. Tulisikia kwenye redio ya jirani, maana ya kwake haina betri.

“Mjomba, umelalia kesi,” nikamwambia.

Akafikiri. “Wanatoza kwa mfuko, au kwa jumla?”

Nilichojifunza kwake ni kwamba ubahili wa mmoja hugharamiwa na ukoo mzima. Juzi alipata kabati la mtumba Kongowea, kwa bei ya kutupa. Sasa, kwenye feri ya Likoni mtu wa miguu havuki kwa malipo, lakini mkokoteni hulipiwa. Mjomba akalifungua kabati lote, akatuita wapwa, kila mmoja akabebeshwa ubao wake. Nauli ya matatu juu yetu. Makanga alipodai ubao nao ukalipe kiti, hiyo pia juu yetu.

Mimi niliangukia mlango wenye kioo. Ndani ya feri, kwenye ule msongamano wa jioni, kina dada wakaniweka kati wakirekebisha mitandio, na mmoja akaniamrisha: “Kaka, inamisha kidogo.” Nikainamisha. Mzee mmoja akachana ndevu. Tulipofika ng'ambo, geti lilikuwa limemfungia nyuma mpwa mdogo, na skrubu zote zilikuwa mfukoni mwake.

Tukamngoja feri iliyofuata, tumekaa juu ya mbao, tukijinunulia viazi karai na maji. Fundi wa kulifunga kabati naye alitaka chake, tukachanga. Kwa pesa zile tungekodi pikapu, tukabaki na ya soda.

“Mnaona?” mjomba akasema, akilipapasa kabati lake. “Sikutoa hata shilingi. Jumamosi mje, kuna kitanda nimekiona.”